Simu Zilizolala Kabatini: Namna ya Kuzigeuza Mchango

Karibu kila nyumba ina simu moja au mbili zisizotumika. Moja ilipasuka kioo, nyingine iliwekwa kando mwenyewe aliponunua mpya, na zote zimelala kwenye droo pamoja na chaja ambazo hakuna anayekumbuka ni za nini. Zikikusanywa kutoka kwa watu wengi, zina pesa ya kununua vitabu vya maktaba, kumlipia mgonjwa matibabu, kukarabati vyoo vya shule au kutunza wanyama wasio na makao. Mwongozo huu ni wa kikundi, shule, jumuiya ya kidini au ofisi inayotaka kuendesha changizo la namna hiyo na kulimaliza bila deni, bila moto na bila kesi.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi

Wengi huanza na hadithi ya dhahabu. Ni kweli dhahabu imo. Mwaka 2006 Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kuwa simu ya wastani, ukiitoa betri, ina gramu 16 hivi za shaba, gramu 0.35 za fedha, 0.034 za dhahabu na 0.015 za paladi, madini mengine ya thamani. Tani moja ya simu kama hizo, yaani karibu simu 9,000, ina dhahabu inayokaribia gramu 300, ilhali migodi mingi huchimba mwamba wenye gramu chache tu kwa tani.

Sasa piga hesabu upande wako. Simu 100 zilizokufa zina gramu 3.4 za dhahabu, na kabla hazijafika kwenye tanuru zitapita kwa mkusanyaji, mvunjaji na msafirishaji, kila mmoja akikata chake. Viwanda vinavyoweza kuyeyusha bodi za simu, yaani vibao vya saketi vya ndani, na kutenganisha madini yake ipasavyo si vingi duniani. Miongoni mwavyo ni cha Umicore kilichoko Hoboken, Ubelgiji, na cha Boliden kilichoko Rönnskär, Sweden. Japani ilipoamua kutengeneza medali zipatazo 5,000 za michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo kutokana na vifaa chakavu vya wananchi, ilikusanya tangu Aprili 2017 hadi Machi 2019. Zilipatikana simu milioni 6.21 pamoja na maelfu ya tani za vifaa vingine vidogo, na dhahabu iliyotoka humo ilikuwa kilo 32 hivi. Hapo ni nchi nzima, kwa miaka miwili.

Kwa hiyo pesa yako haiko kwenye dhahabu. Iko kwenye simu inayowaka. Simu janja moja inayofanya kazi, isiyofungwa na akaunti ya mtu, inaweza kuleta zaidi ya rundo zima la zilizokufa, kwa sababu mnunuzi ataisafisha, ataibadilishia betri na kuiuza tena kama simu. Chini yake ipo iliyoharibika lakini ina vipuri vinavyotakiwa: kioo, kamera, bodi. Ya mwisho ni ile inayouzwa kwa kilo. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kina lengo moja, nalo ni kuzuia simu ya daraja la kwanza isiporomoke hadi la tatu ikiwa mikononi mwenu.

Hatua ya 1: Taja kazi ya pesa

"Kusaidia jamii" hakumfanyi mtu afungue droo. Taja kitu kinachoonekana: viti 20 vya magurudumu, paa la darasa fulani, dawa za wodi fulani. Amueni pia pesa itaingia akaunti ipi, nani wataidhinisha kuitoa (wasipungue wawili), na ikizidi au ikipungua itafanyiwa nini. Kama kazi yenyewe inahusiana na simu, mwito hupata nguvu zaidi. Baadhi ya bustani za wanyama nchini Australia zimekusanya simu kwa ajili ya kuwalinda gorila, kwa kuwa madini ya koltani, ambayo hutoa tantali ya kutengenezea vijenzi vya simu, huchimbwa pia mashariki mwa Kongo, karibu na misitu wanamoishi gorila hao. Mtu haelezwi mara mbili uhusiano uliopo.

Katika maeneo mengi kuchangisha fedha hadharani kunahitaji kibali au usajili. Ulizia mapema kwenye ofisi inayohusika.

Hatua ya 2: Mpate mnunuzi kabla ya simu ya kwanza

Hapa ndipo machangizo mengi hukwama: masanduku yamejaa, stoo imejaa, na hakuna anayejua pa kuyapeleka. Wanunuzi ni wa aina nne. Yupo anayekarabati na kuuza tena, ambaye hulipa kwa simu kulingana na modeli na hali yake. Yupo fundi au duka la spea, ambaye huchagua anazozitaka na kukuachia nyingine. Ipo kampuni ya kuchakata taka za kielektroniki, ambayo hulipa kwa kilo, au hailipi kitu ila inazichukua. Halafu wapo watengenezaji na kampuni za simu wenye mpango wa kurudishiwa simu za zamani. Hao mara nyingi humpa mteja punguzo la kununulia simu mpya badala ya fedha taslimu, jambo ambalo halikusaidii sana.

Mimi ningetafuta wawili: mmoja wa simu zinazofanya kazi na mwingine wa mabaki. Anayetaka kuchukua zote kwa bei moja ya jumla anajua kitu ambacho hujakijua bado.

Muulize yafuatayo, na majibu yawe kwa maandishi:

- Orodha yake ya bei kwa modeli, na itadumu siku ngapi. Bei ya simu zilizotumika hushuka kila modeli mpya inapotoka.
- Nani atalipa usafiri, na kiwango cha chini anachopokea ni simu ngapi.
- Akisema simu uliyoiita nzima ni mbovu, atakuonyesha ushahidi? Unaweza kurudishiwa?
- Anafutaje data, na je, atakupa hati inayoonyesha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho, ya kila simu iliyofutwa au kusagwa?
- Zisizofaa anazipeleka wapi?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Simu zisizofaa zikiishia kwa mtu anayechoma nyaya ili apate shaba, au anayechovya bodi kwenye asidi ili apate dhahabu, moshi na maji yenye sumu yatakuwa yametokana na changizo lenu. Vipo vyeti vya kimataifa vya wachakataji, hasa R2 na e-Stewards. Asiye navyo si lazima awe mbaya, lakini aoneshe leseni ya mamlaka ya mazingira na akubali mumtembelee. Kama anasafirisha nje ya nchi, kumbuka Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi hadi nchi: tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au la, zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla ya kuvuka mpaka. Mnunuzi anayeijua kazi yake hatashangaa ukimuuliza hilo.

Hatua ya 3: Weka muda mfupi

Wiki nne hadi sita zinatosha. Sanduku lililokaa mlangoni mwaka mzima huzoeleka kama ukuta, na simu zilizomo zinazidi kuzeeka. Simu ya leo yenye thamani nusu ya bei yake ya dukani haitakuwa hivyo baada ya miezi minane. Kuna jambo jingine linalozidi kuongezeka: nchi nyingi zimezima au zinazima mitandao ya 2G na 3G, na simu isiyoweza kushika mtandao uliopo hushuka moja kwa moja hadi daraja la kilo.

Hatua ya 4: Andika tangazo linalojibu hofu

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba zilizokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi hazikufika robo. Ni takwimu nzito, lakini ukiiweka juu ya tangazo haitakuletea simu hata moja. Mtu haachi simu kwenye droo kwa sababu hajasikia habari za taka. Anaiacha kwa sababu ina picha za watoto wake, meseji zake za mapenzi na za benki, na hajui mtu mwingine atazifanyia nini. Basi tangazo liseme hivyo waziwazi. Mfano:

"Tunakusanya simu zisizotumika, nzima na mbovu, ili kununua viti vya magurudumu. Njoo nazo Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tutakusaidia kuhamisha picha na kufuta kila kitu mbele ya macho yako. Njoo na simu ikiwa na chaji, na uwe unakumbuka nywila ya akaunti yako. Toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuja. Simu zisizowaka tunazipokea pia. Zitasagwa na tutaonyesha hati."

Sentensi ya kuja na chaji na kukumbuka nywila ndiyo itakayowaingizia pesa. Isiondolewe hata kama karatasi ni ndogo.

Hatua ya 5: Meza, siyo sanduku

Sanduku lenye tundu ni rahisi, lakini simu ikishaangukia humo mwenyewe ameshaondoka, na ufunguo wake ameondoka nao kichwani. Tangu mwaka 2013 iPhone zina kufuli la akaunti, na Android zilifuata kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015. Ukiifuta simu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni bila mwenyewe kuondoa akaunti yake kwanza, itawaka na kudai nywila ya zamani, na kwa mnunuzi hiyo ni bodi tu. Simu nzuri kabisa inaweza kupoteza karibu thamani yake yote kwa kosa hili moja.

Kwa hiyo wekeni meza yenye watu wawili, chaja za aina zote, intaneti na daftari. Mwenye simu akifika, mambo yaende kwa utaratibu huu:

1. Mwulize kama ameshahamisha picha, namba za watu na mazungumzo ya WhatsApp. Kama simu hiyo bado inapokea namba za siri za benki au za barua pepe, arudi nayo nyumbani, ahamishe kwanza, kisha ailete.
2. Kama laini ni ya ndani ya simu, yaani eSIM, ahakikishe imehamia kwenye simu mpya ndipo aifute hapa.
3. Kwenye iPhone, aingie kwenye mipangilio, aguse jina lake na atoke kwenye akaunti. Kwenye Android, aondoe akaunti ya Google na ya mtengenezaji kama ipo, kisha aondoe namba au mchoro wa kufungulia skrini.
4. Sasa irudisheni simu katika hali ya kiwandani kwa kupitia mipangilio, mwenyewe akiangalia.
5. Iwasheni tena. Ikifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha bila kudai akaunti ya mtu, mmemaliza.

Aandike nywila yake mwenyewe. Msimwombe awatajie, wala msiiandike popote, hata kwenye kikaratasi cha kutupa.

Aliyeleta iPhone akaondoka bila kutoa akaunti anaweza bado kuiondoa akiwa mbali kupitia tovuti ya iCloud, kwa hiyo chukueni namba yake ya simu. Za marehemu ni habari nyingine. Familia huja nazo, nywila haijulikani, na ndani mna picha ambazo hawajaziona. Msiwaharakishe. Waambieni kwamba kampuni husika zina utaratibu wa kuomba kwa kutumia cheti cha kifo, na simu warudi nayo. Mchango huo unaweza kusubiri.

Daftari na simu za wizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila simu ipewe namba ya kibandiko, na kwenye daftari iandikwe modeli, hali yake, IMEI na saini ya aliyeitoa akikiri kwamba ni yake na ameitoa kwa hiari. IMEI yenye tarakimu 15 huonekana ukibonyeza *#06#. Kwa simu isiyowaka, itafute chini ya betri au kwenye kishikio cha laini. Wanunuzi wa maana huilinganisha na orodha za simu zilizoripotiwa kuibwa, na ni bora mjue ninyi kabla yao. Simu yenye mashaka msiikatae kwa kelele mezani. Ipokeeni, iandikeni, itengeni, na ulizeni mamlaka namna ya kuikabidhi.

Amueni pia mapema kuhusu wanaojitolea. Atakuwepo mmoja atakayeona simu nzuri na kusema ataichukua aweke pesa kidogo. Kanuni niipendayo ni fupi: hakuna mhudumu anayenunua, kwa bei yoyote, hadi mnunuzi ameshalipa. Inaonekana kali, lakini inafunga midomo mingi.

Zisizowaka

Simu janja za miaka ya karibuni huhifadhi data kwa kuisimba, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo maalumu, hivyo ukizirudisha katika hali ya kiwandani ufunguo hupotea na kilichobaki hakisomeki. Za zamani na za vitufe haziko hivyo, na isiyowaka hamwezi kuifuta kabisa. Ijaribuni kwanza kwa chaja nyingine kwa muda wa saa nzima, maana nyingi "zilizokufa" zina betri iliyolala tu. Ikishindikana, toeni laini na kadi ya kumbukumbu, iingizeni kwenye kundi la kusagwa, na ifungieni kabatini hadi siku ya kuondoka. Kupiga kwa nyundo hakusaidii. Kunavunja kioo, kunaweza kutoboa betri, na kumbukumbu ikabaki nzima.

Betri: hapa msifanye mchezo

Betri ya lithiamu iliyotobolewa, kupondwa au kuguswa na chuma kwenye vichwa vyake inaweza kushika moto, na moto wake huwaka upya baada ya kudhani umezimika. Simu iliyovimba, yaani ile ambayo kioo kimenyanyuka au mfuniko wa nyuma hautulii, isichajiwe wala kufunguliwa kwa nguvu. Iwekeni peke yake kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje ya jengo au mahali pasipo na kitu cha kuungua, na mpigieni mchakataji aje aichukue.

Betri zinazotoka kirahisi, kama za simu za vitufe, zifungwe utepe wa plastiki kwenye vichwa vyake na zikae mbali na nyingine. Zisizotoka ziacheni humo humo. Zisijazwe chaji, nusu au chini yake ndiyo salama kwa kuhifadhi. Stoo iwe na kivuli na hewa, na isiwe chumba wanamolala watu.

Kupanga madaraja

Kazi hii yataka siku nzima na macho ya fundi simu, ambaye kwa kawaida mtampata wa kujitolea mkimwomba vizuri. Kwa kila inayowaka, jaribuni mguso wa skrini pande zote, kamera mbele na nyuma, spika na maiki kwa kupiga simu ya kweli, tundu la chaji, na kama inashika mtandao. Angalieni pia kama imefungwa kwa kampuni moja ya simu.

Halafu zigawanyeni: A, nzima na safi, B, inafanya kazi ila ina ufa au mikwaruzo mikubwa, C, haifanyi kazi sawasawa lakini ni modeli ambayo spea zake zinatafutwa, D, mabaki. Msiwe wakarimu katika kupanga. Mnunuzi akikuta A tatu za kwanza ni B, atazipunguza zote zilizobaki bila kuziangalia. Na msitumie pesa kutengeneza. Kioo kipya kwenye simu ya daraja B mara nyingi hugharimu zaidi ya tofauti ya bei mtakayoipata.

Kuzipeleka

Kama mnunuzi yuko karibu, zipelekeni wenyewe na mhesabu pamoja naye, simu kwa simu, daftari likiwa wazi. Kama ni mbali, kila simu izimwe, ifungwe peke yake ili isigusane na nyingine, na sanduku liwe gumu lisilopondeka. Mwulizeni msafirishaji masharti yake ya lithiamu kabla ya kufunga chochote. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zilizo peke yake, nje ya kifaa, haziruhusiwi kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na zilizovimba au kuharibika hazitakiwi kabisa angani. Pigeni picha ya sanduku likiwa wazi, na nakala ya orodha ya IMEI ibaki kwenu.

Pesa ikiingia

Tangazeni ndani ya wiki moja, palepale mlipoweka tangazo la kwanza: simu ngapi zilipokelewa, ngapi za kila daraja, mnunuzi alilipa kiasi gani, usafiri na vibandiko viligharimu kiasi gani, kilichobaki ni kiasi gani. Bandikeni na hati ya kusagwa. Kama kiasi ni kidogo kuliko mlivyotarajia, semeni hivyo hivyo; watu waliotoa simu mbovu hawakutegemea miujiza. Kitu kikishanunuliwa, toeni picha yake.

Tarajieni simu nyingine kumi au ishirini kuletwa baada ya meza kuondolewa, kwa sababu kuna watu hukumbuka droo zao tangazo likishashuka. Mteueni mtu mmoja wa kuzipokea kwa utaratibu uleule, na mjue mapema kama mnunuzi atakubali mzigo mdogo wa pili au mtaziweka hadi changizo lijalo. Zile za daraja A msizisubirishe. Peleka moja moja kama ni lazima. Na chaja? Mtaletewa nyingi mno. Chagueni zinazofanya kazi mzitumie mezani au mziuze pamoja na simu zake, na nyaya zilizobaki zimpeni mchakataji kwa kilo.